Kufufua Cadillac ya 1964 ukiishi Uingereza: kazi huanzia Arizona

Kabla ya kuulizia bei ya Cadillac ya zamani, chukua futi kamba ukapime gereji yako. Coupe de Ville ya 1964 ina urefu wa karibu mita 5.7 na upana wa mita 2 na ushee. Gereji nyingi za nyumba za Uingereza hazifiki hata mita 5 kwa ndani. Gari likikosa paa litakaa mvuani chini ya turubai, na unyevu wa huku utakula chuma haraka kuliko wewe unavyokitengeneza. Kwa hiyo pango la banda kavu, kwa muda usiopungua miaka miwili, ndiyo gharama ya kwanza ya kuandika kwenye daftari. Wengi huiacha nje ya hesabu, na ndiyo huwalazimisha kuuza gari likiwa vipande.

Haya ninayoyaandika yanahusu gari la aina moja tu: Coupe de Ville ya 1964 iliyonunuliwa Arizona na kufufuliwa Uingereza. Mwaka huo una maana yake. Ndio mwaka Cadillac ilipoingiza injini ya inchi za ujazo 429, yaani kama lita 7, yenye nguvu ya farasi 340. De Ville za mwaka huo zilipewa pia giaboksi mpya ya Turbo Hydra-Matic ya gia tatu, ambayo iliendelea kufungwa kwenye magari ya General Motors (GM), kampuni mama ya Cadillac, kwa miaka mingi, ndiyo maana vipuri vyake vinapatikana hadi leo. Breki nazo zina masta silinda ya vyumba viwili, jambo ambalo Cadillac ililianza 1962 wakati magari mengi ya Marekani bado yalikuwa na chumba kimoja. Ipo na faida moja ya kisheria kuhusu taa, tutaifikia.

Gari litokalo Michigan, Ohio au Pennsylvania limepita barabara zilizomwagiwa chumvi kila msimu wa baridi. La Arizona, New Mexico au Nevada limekaa kavu, ila jua limemaliza kila kitu laini: mipira ya milango, dashibodi, vitambaa vya viti, mihuri ya vioo. Chagua lililochomwa na jua. Mipira huagizwa katika boksi moja na kuvikwa kwa mkono, lakini sakafu iliyooza ni miezi ya kukata na kuchomelea, na saa moja ya fundi bodi wa Uingereza ni ghali kiasi kwamba gari "la bei poa" lenye kutu huishia kuwa ghali mara mbili ya lile zima.

Ukiwa mbali, mlipe mkaguzi huru aende alipo muuzaji, na umwandikie kwa majina sehemu za kutazama. Aanze na sakafu ya buti, hasa kwenye mabonde ya pembeni. Aende kwenye sehemu za chini za mabodi ya nyuma, nyuma ya magurudumu, akiwa na sumaku iliyofungwa kitambaa, kwa sababu pati, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, ikizidi unene sumaku haishiki. Apite chini ya ukingo wa kioo cha nyuma ambako maji hutuama, kwenye mipira inayokalia bodi juu ya fremu, na kwenye mikia ya fremu nyuma ya ekseli. Mwambie apige picha akiwa chini ya gari, si akiwa amesimama. Picha zinazoonyesha rangi ikimeremeta jioni hazikusaidii kitu.

Halafu kuna namba. Kwa Cadillac za miaka hiyo namba ya gari imegongwa kwenye fremu na kwenye bloku ya injini, na ni ileile moja. Ya 1964 huanza na 64, ikifuatiwa na herufi ya aina ya bodi (J kwa Coupe de Ville), kisha tarakimu za mfululizo. Mkaguzi asugue uchafu, apige picha ya namba zote mbili, nawe uzilinganishe na hati ya umiliki tarakimu kwa tarakimu. Injini ikiwa imewahi kubadilishwa, huenda jimbo liliandika kwenye hati namba ya injini ambayo haipo tena. Muuzaji atakwambia hilo ni jambo dogo. Bandarini si dogo hata kidogo: forodha ya Marekani hutaka hati halisi na gari lenyewe viwe bandarini angalau saa 72 kabla ya kupakiwa, na hati yenye dosari hulilaza gari uwanjani huku ada za maegesho zikikimbia kila siku. Hakikisha pia hati haina deni la benki. Usitume salio kabla hujaiona hati, mbele na nyuma.

Usafirishaji una njia mbili. Katika meli za kuendeshwa ndani gari huingia kwa magurudumu yake. Bei ni nafuu, lakini gari lazima lijiendeshe na lisimame kwa breki zake, na kwa kawaida hairuhusiwi kuacha mizigo ndani. Kontena hugharimu zaidi, ila hukubali gari lililokufa na hukubali vipuri. Kwa gari la kufufua, chukua kontena bila kusita.

Hapo vipimo vinarudi. Kontena la futi 20 lina mita 5.9 hivi za urefu kwa ndani na mita 2.35 za upana. Cadillac hii inaingia, lakini mbele na nyuma hubaki jumla ya sentimita 20 tu, na kila ubavu kama sentimita 16. Mlango haufunguki. Aliyeliendesha ndani hutokea dirishani, na vioo vya gari hili ni vya umeme, kwa hiyo betri ikiwa imekufa na kioo kiko juu, hakuna pa kupitia. Wakala mzuri hulivuta kwa winchi. Mwambie betri itenganishwe, petroli ibaki kidogo kabisa, na mikanda ifungwe kwenye ekseli na fremu, kamwe si kwenye bampa. Ukipata nafasi ya kugawana kontena la futi 40 na mwenye gari lingine, gharama hupungua.

Ndani ya kontena weka kila kitakachokutesa baadaye kukisafirisha kwa posta: kioo cha mbele, bampa za akiba, seti nzima ya mipira ya milango, zulia, matairi yenye mstari mweupe, vipande vya kromu. Vitangaze vyote kwenye orodha ya mzigo. Kioo cha mbele kikitumwa peke yake kwa ndege mara nyingi huvunjika, na hata kikifika kizima bei yake imeshapanda mara kadhaa. Kifurushi chenye thamani ya zaidi ya pauni 135 hukatiwa kodi kinapoingia, na kampuni ya usafirishaji huongeza ada yake ya kushughulikia. Vifurushi kumi vya namna hiyo ni fedha ambayo ingelipia kiti kizima kushonwa upya.

Forodha ya Uingereza ndipo mtu anayeheshimu uasilia wa gari anapolipwa. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililo katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya fremu, bodi, usukani, breki, giaboksi au injini, na ambalo aina yake haitengenezwi tena, linaweza kuingizwa chini ya fungu 9705 la vitu vya makumbusho. Ushuru ni sifuri na VAT ni asilimia 5. Likiingizwa kama gari la kawaida, ushuru ni asilimia 10 na VAT asilimia 20 juu yake. Chukua thamani ya pauni 15,000 pamoja na usafiri wa 2,000. Kwa fungu la makumbusho unalipa pauni 850. Kwa gari la kawaida unalipa ushuru 1,700, kisha VAT 3,740, jumla 5,440. Tofauti hiyo ya pauni 4,590 inatosha breki zote na sehemu nzuri ya injini. Wakala wa forodha asiyezoea magari ya zamani hujaza fungu la kawaida kwa mazoea, na kudai marejesho baadaye ni safari ndefu. Mwandikie namba ya fungu mapema, na umpe picha zinazoonyesha kuwa gari halijabadilishwa.

Ndani ya siku 14 tangu gari lifike, toa taarifa ya NOVA, yaani ya kuingiza gari nchini, kwa mamlaka ya mapato, HMRC. Bila hiyo hupati usajili.

Ndugu wengi huuliza kama gari likikamilika litaweza kupelekwa Mombasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na magari yenye usukani wa kushoto kwa kawaida hayasajiliwi. Ukilijenga, lijenge kwa ajili ya barabara za huku.

Sasa gari liko bandani. Usilipandishe kwenye lifti ya nguzo mbili kabla ya kulichungulia chini. Fremu ya 1964 ina umbo la herufi X: imebana katikati na haina mihimili ya pembeni, kwa hiyo mikono ya lifti ikiwekwa pale ilipozoea kwenye magari mengine itagusa bati la bodi na kulikunja. Hunyanyuliwa chini ya mikono ya sasipensheni ya mbele na chini ya ekseli ya nyuma, au huwekwa kwenye lifti ya nguzo nne linakokaa kwa matairi yake. Propela shafti nayo ni ya vipande viwili yenye beringi ya katikati, na hupita ndani ya kitovu cha hiyo X. Beringi ikichoka utasikia mtetemo sakafuni unapoondoka, na mafundi wengi watakuuzia giaboksi kabla hawajaigusa.

Nunua seti ya spana za inchi. Spana ya milimita 13 kwenye bolti yenye kichwa cha nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, huingia vizuri na kukudanganya, kisha huviringisha kichwa cha bolti iliyoshika kutu. Ya 9/16 haina ndugu kabisa, kwani 14 haiingii na 15 inacheza. Namba 19 na robo tatu inchi zinaelewana. Nyuzi za bolti pia ni za Kimarekani, UNC na UNF, wala spana za Whitworth zilizojaa kwenye masanduku ya mafundi wazee wa Uingereza hazihusiki.

Anza na breki, si injini. Hamu ya kusikia V8 ikinguruma ni kubwa, naielewa, lakini gari la zaidi ya tani mbili linalotembea bila kusimama ni hatari hata ndani ya banda. Breki zote nne ni za drami ya inchi 12. Fungua drami, toa silinda za magurudumu, na uzibadilishe zote badala ya kuzisugua, kwani zikiwa na mashimo ya kutu zitavuja tena baada ya miezi. Badilisha hozi zote za mpira hata kama kwa nje zinaonekana nzima. Hozi ya zamani huvimba kwa ndani ikawa kama vali ya upande mmoja: mafuta yanaingia ukikanyaga pedali, hayarudi ukiachia, na gurudumu hubaki limebanwa mpaka drami inanuka. Mabomba mapya yawe ya shaba na nikeli, kipenyo cha inchi 3/16. Hapa mafundi wa huku hukosea kwa sababu ya mazoea. Mdomo wa bomba la Kimarekani hukunjwa mara mbili kwa nyuzi 45, wakati mashine zao nyingi zimepangwa kutoa mdomo wa duara wa magari ya Ulaya. Ukifungwa kwa nguvu utashika kwa wiki moja, kisha uanze kutoa jasho. Mwonyeshe fundi bomba la zamani kabla hajakata jipya.

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi zote nane, mimina kijiko kimoja cha mafuta mepesi ya kupenya katika kila silinda, uache siku kadhaa, kisha zungusha krankshafti kwa mkono kupitia bolti ya puli ya mbele. Ikigoma, usilazimishe kwa bomba refu, ongeza mafuta na siku. Wakati unangoja, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, dayaframu ya pampu ya petroli imepasuka na petroli imeshuka kwenye oili, na ukiwasha hivyo utaua beringi zote. Injini nyingi za GM za miaka hiyo zilikuwa na gia ya kamshafti yenye meno ya nailoni. Meno hayo hukauka na kukatika, vipande vikateremka hadi kwenye chujio la oili ndani ya karta (bakuli la oili chini ya injini), na presha ya oili ikaanguka. Fungua karta. Ukikuta vipande vyeupe au vya njano kama kucha, nunua gia ya chuma na cheni mpya kabla ya jambo lingine lolote. Na ukiwa hapo mbele, kagua ile nyumba ya alumini inayobeba vifaa vya mbele vya injini. Maji yasiyo na dawa ya rejeta huila kutoka ndani, na ikitoboka maji huingia kwenye oili.

Kwa uwashaji wa kwanza tumia galoni ndogo ya petroli safi nje ya gari, yenye mpira uliofungwa kwenye pampu, na usiunganishe tenki la zamani hata kidogo. Ndani yake kuna gundi iliyoganda ambayo itaziba kabureta uliyoisafisha kwa siku nzima. Mgandamizo wa injini hii ni 10.5 kwa 1, kwa hiyo inataka petroli ya oktani ya juu. Uingereza petroli ya kawaida ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu 2021, nayo hulainisha mipira ya zamani mpaka inakuwa kama ubani uliotafunwa. Tumia ile ya juu ya E5, na ubadilishe mipira yote ya mafuta kwa inayovumilia ethanoli. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, aina inayouzwa kwa ajili ya magari ya zamani, kwa sababu tapeti za injini hii ni bapa na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki.

Ekzosi ikitoa moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, usikimbilie kufungua silinda hedi. Upande wa kulia wa giaboksi, nyuma, kuna kopo dogo la chuma lenye mpira wa vakyumu, nalo huitwa modyuleta. Chomoa mpira huo ukaingize kidole. Kikitoka na mafuta mekundu ya giaboksi, dayaframu imechanika na injini inayanywa. Kopo hilo hubadilishwa kwa bolti moja na bei yake ni ndogo. Wapo waliolipia injini nzima kwa ugonjwa huu, na inaniuma kila ninapousikia.

Umeme wa gari hili unatisha kwa wingi wa mota: vioo, viti, antena, kiyoyozi cha kujiendesha. Nusu ya vitu "vilivyokufa" vimekosa tu mshiko wa negativu kwenye bodi. Sugua kila kituo mpaka chuma king'ae, paka grisi, ndipo ununue mota.

Kromu na rangi ndivyo vitakavyokula fedha kuliko injini. Bampa ni za chuma na hukubali kupakwa upya kwa njia ya kawaida. Vipande vidogo vya urembo ni vya zinki ya kumiminwa, na ile chunusi unayoiona juu ni kutu inayotoka ndani. Lazima kila shimo litobolewe, lijazwe shaba, lisuguliwe, ndipo nikeli na kromu zifuate. Ni kazi ya mkono na hutozwa kipande kwa kipande, mara nyingi zaidi ya bei ya kununua kipande kizima Marekani. Hii ndiyo sababu ya kuvipakia kwenye kontena. Kwa rangi, soma bamba dogo la Fisher Body lililo kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, lina msimbo wa rangi na wa vitambaa vya asili. Rangi za kisasa za vijenzi viwili zina isosayanati inayoharibu mapafu, kwa hiyo usipulize nyumbani kwa barakoa ya vumbi.

Hatua hii ya kati, gari likiwa halina milango na fedha zikitoka bila kuonekana, ndiyo inayovunja moyo. Kinachosaidia ni kumaliza sehemu moja kabisa kabla ya kufungua nyingine, na kuweka kila bolti kwenye mfuko wenye jina na picha. Gari lililovunjwa lote kwa mkupuo mmoja, likakaa miaka miwili, hakuna akumbukaye linavyorudi.

Usajili hufanywa kwa fomu ya V55/5 kwa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, pamoja na ushahidi wa mwaka wa kutengenezwa, hati ya Marekani na ada ya pauni 55. Klabu ya magari ya aina hiyo inayotambuliwa na DVLA inaweza kukuandikia barua ya tarehe. Gari lenye zaidi ya miaka 40 husajiliwa kama la kihistoria: kodi ya barabara ni sifuri, ingawa lazima uiombe kila mwaka, na halihitaji MOT, ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, ikiwa halijabadilishwa sana. Lipeleke kwenye ukaguzi hata hivyo. Ndani ya London halilipi ULEZ, tozo ya magari yenye moshi mchafu, ila tozo ya msongamano linalipa.

Kuhusu taa, magari yaliyotumika mara ya kwanza kabla ya 1 Septemba 1965 yanaruhusiwa indiketa nyekundu nyuma, kwa hiyo taa za mapezi ya 1964 hubaki kama zilivyo. Ya 1966 ingelazimu kutafutiwa indiketa za rangi ya chungwa. Taa za mbele ni nne, na mbili za nje ndizo zenye mwanga wa chini, unaoelekea kulia kwa ajili ya barabara za Marekani. Badilisha hizo mbili tu kwa za inchi 5¾ zinazoelekeza mwanga kushoto. Mbili za ndani ni za mwanga mkubwa, ziache.

Maili 500 za kwanza zifanyie karibu na nyumbani. Baada ya safari ya kwanza kaza tena nati za magurudumu, bolti za manifoldi na klipu za rejeta, zote zikiwa zimepoa. Gusa kila drami kwa mgongo wa mkono baada ya kusimama: iliyo moto kuliko wenzake ina breki inayobana. Badilisha oili mapema, ikate filta kwa kifaa cha kukatia filta, si kwa msumeno unaomwaga chembe zake mwenyewe, na ukague karatasi yake chini ya taa kali kama ina chembe za chuma.